Kongosho, ini na sukari ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimesomesha skuli za Unguja na za Pemba, na tangu bi mkubwa nyumbani kwetu agundulike na maradhi ya sukari, barazani siulizwi tena habari za mitihani. Naulizwa sukari tu. Maswali mengi ni yale yale, nikaona bora niyaweke pahala pamoja. Habari za dozi na dawa gani umeze, muulize daktari anayekujua. Hapa nazungumza jinsi mwili unavyofanya kazi.

Jana usiku nilikula kidogo, nikalala, sikuonja kitu tena. Mbona asubuhi sukari iko juu kuliko nilipolala?

Hili ndilo swali linaloongoza, na aghalabu linakuja na tuhuma: mume anamwambia mke, "Umeamka usiku ukala halua," na mke anaapa. Mimi humwamini mke. Sukari ile imetoka ndani ya mwili wake mwenyewe, kwenye ini.

Tupige hesabu. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, na ndani yake mna glukosi, yaani sukari ya damu, gramu 4 hadi 5 tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Mtu wa kilo 70 aliyelala fofofo anatumia glukosi gramu 8 hivi kwa saa, na sehemu kubwa inakwenda kwenye ubongo, ambao haulali. Maana yake kijiko kile ni matumizi ya nusu saa. Chakula ulichokula saa 2 usiku kinakuwa kimekwishaingia mwilini muda mrefu kabla ya adhana ya alfajiri. Nani basi anakijaza kijiko usiku kucha? Ini. Linatia kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza mafuta kwenye kandili isizimike.

Mwenye afya, ini lake linatoa kiasi kile kile kinachotumika. Mwenye kisukari cha aina ya 2, ile ambayo mwili hausikii vizuri insulini, ini lake halisikii vizuri amri ya kupunguza, linazidi kutoa. Halafu kuanzia kama saa 9 usiku mwili unajitayarisha kuamka: homoni ya kortisoli na homoni ya ukuaji zinapanda, nazo zinalihimiza ini lifungue zaidi. Mwenye kongosho zima anaongeza kidogo insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, mambo yanakwisha bila yeye kujua. Asiye na insulini ya kutosha alilala na 7, anaamka na 9 (namba zangu zote ni za mmol/L, nitazieleza mbele).

Kwa hiyo sukari ya damu ina milango miwili. Mmoja ni mdomo, huo sote tunaujua na ndio tunaolaumiana kwao. Wa pili ni ini, na mlinzi wake ni kongosho. Karibu kila swali lililobaki hapa chini linarudi kwenye mlango huo wa pili.

Kongosho ndiyo bandama?

Laa. Bandama iko kushoto chini ya mbavu na kazi yake ni ya damu na kinga. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, kwa upana, urefu wa sentimita 15 hivi. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba na mkia wake unakaribia bandama, labda ndiyo maana watu wanavichanganya. Ukichinja mbuzi wa Idi utaliona likiambatana na utumbo: kinyama laini, chenye rangi ya waridi iliyofifia, ambacho watu wengi hudhani ni mafuta.

Nimesoma kuwa ndani ya kongosho kuna "visiwa". Visiwa gani?

Swali hili nalipenda, sisi watu wa visiwani. Sehemu kubwa kabisa ya kongosho inatengeneza maji ya kumeng'enya chakula. Lakini mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, aliangalia kongosho kwa hadubini akaona vishungi vidogo vya seli vilivyotapakaa, vimetengana na nyama nyingine kama visiwa baharini. Hakujua vina kazi gani. Vikaja kuitwa visiwa vya Langerhans. Mtu mmoja ana kama milioni moja, na vyote ukivikusanya havizidi sana asilimia 2 ya kongosho lenyewe.

Neno insulini limetokana na neno la Kilatini insula, yaani kisiwa. Jina lilipendekezwa mwaka 1909, kabla dawa yenyewe haijapatikana. Langerhans mwenyewe aliugua kifua kikuu, akahamia Madeira, kisiwa cha Wareno, na huko ndiko alikofia mwaka 1888. Mwaka uliofuata, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akawa anakojoa mno, na mkojo wake ukakutwa na sukari. Hapo ndipo ilipojulikana kongosho lina siri. Siri ilifunguliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kudungwa insulini kwa tiba. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina ya 1, ile ambayo insulini inakwisha mwilini, alikuwa anasubiri kifo tu.

Kongosho linajuaje kuwa sukari imepanda? Nani analipimia?

Linajipimia lenyewe, na namna linavyopima ni jambo la ajabu. Nitalieleza polepole, kwa sababu ukilielewa hili utaelewa na vidonge.

Ndani ya kisiwa kuna seli za aina kadhaa. Nyingi ni za beta, hizo ndizo zinazotengeneza insulini. Seli ya beta haina jicho la kuitazamia sukari. Inachofanya ni kuila. Glukosi ikiwa nyingi kwenye damu inaingia nyingi kwenye seli, kwa sababu milango yake iko wazi na haihitaji ruhusa. Mle ndani inakutana na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemia) kiitwacho glukokinasi, na hapa ndipo penye mizani. Vimeng'enya vya jamii yake katika viungo vingine vinashiba haraka: hata sukari ikiwa kidogo tayari vinafanya kazi kwa kasi yao yote. Glukokinasi haishibi upesi. Sukari ikiwa 4 inakwenda pole, ikiwa 8 inakwenda kasi, ikiwa 12 inazidi. Kasi yake inafuata sukari ya damu kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Glukosi iliyokamatwa inachomwa, inatoa nishati iitwayo ATP. Kwenye ukuta wa seli kuna vijilango vya potasiamu ambavyo kwa kawaida viko wazi, potasiamu inatoka nje taratibu. ATP ikiongezeka, inavifunga. Potasiamu ikizuiliwa ndani, umeme wa ukuta wa seli unabadilika, na mabadiliko hayo yanafungua vijilango vingine, vya kalsiamu. Kalsiamu inamiminika ndani, na ikishaingia, vifuko vya insulini vilivyokuwa vimepangwa karibu na ukuta vinapasukia nje, insulini inamwagika kwenye damu. Yote hayo kwa dakika chache tu.

Insulini inatoka kwa mikupuo miwili. Wa kwanza ni wa ile iliyokwisha kufungashwa, unatoka haraka na kupungua. Wa pili unakuja polepole na unaendelea maadamu sukari iko juu. Mkupuo wa kwanza ndio unaotangulia kupotea mtu anapoelekea kwenye kisukari cha aina ya 2, na anaweza asihisi kitu.

Kuna jambo jingine. Mtu akipewa glukosi kwa dripu, na siku nyingine akinywa glukosi mpaka sukari yake ya damu ipande kiasi kile kile, insulini inatoka zaidi alipokunywa. Sababu ni utumbo. Chakula kikipita, utumbo unapeleka habari mbele kwa homoni zake, mojawapo ikiitwa GLP-1, kwamba mzigo uko njiani. Kongosho halingojei kushtukizwa.

Nao watu waliozaliwa na kasoro katika nakala moja ya jeni ya glukokinasi wanaishi na sukari iliyopanda kidogo, maisha yao yote, bila kuzidi sana. Mizani yao imekosewa tangu kiwandani: kongosho linadhani 7 ndiyo 5.

Na ini je, nalo linapima?

Linapima, na kwa kimeng'enya kile kile, glukokinasi. Sukari ikiwa chini, seli ya ini inakifungia kimeng'enya hicho ndani ya kiini chake. Sukari ikipanda kinaachiwa, kinatoka kufanya kazi. Lakini ini linategemea zaidi kuambiwa, na mahali lilipo ndipo panapolipa uwezo wa kusikia.

Damu yote inayotoka utumboni hairudi moyoni moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, kama mzigo unaoshuka bandarini: hauingii mjini mpaka upite forodha. Na kongosho linamwaga insulini yake kwenye mshipa huo huo. Kwa hiyo ini linapata sukari na amri kwa pamoja, na amri inalifikia ikiwa kali kuliko inavyofika kwingineko mwilini, kwani kiasi cha nusu ya insulini yote inaishia kwenye ini katika safari yake ya kwanza. Mtu anayejidunga insulini kwenye mafuta ya tumbo hapati upendeleo huo. Insulini yake inaenea mwilini kwanza, ini linapata iliyobaki.

Insulini ikifika, ini linaacha kutoa sukari, linaanza kuipanga kwa minyororo mirefu iitwayo glikojeni. Ghala la ini linachukua kama gramu 100. Ikizidi, inageuzwa mafuta.

Aliyegundua kuwa ini ni ghala ni Mfaransa Claude Bernard, katikati ya karne ya 19. Alimlisha mbwa nyama tupu, bila wanga, na bado damu iliyotoka kwenye ini lake ikawa na sukari. Mwaka 1857 akaitenga glikojeni yenyewe. Kwa hiyo yule mke anayeapa kuwa hakula halua, ushahidi wake una zaidi ya miaka 150.

Glukagoni ni nini? Mbona hospitali sisikii ikitajwa?

Ni mwenzake insulini anayevuta kamba upande wa pili. Inatoka kwenye visiwa vile vile, kwa seli za alfa. Insulini inaliambia ini "weka", glukagoni inaliambia "toa". Ilijulikana mwaka 1923, lakini umaarufu wote ulichukuliwa na insulini, na mpaka leo ni hivyo.

Sukari ikianza kushuka, mwili unajitetea kwa hatua. Ikikaribia 4.5, kongosho linapunguza insulini. Ikifika chini ya 4, glukagoni inapanda na adrenalini inapanda, nayo ndiyo inayokufanya utetemeke, utoke jasho, moyo uende mbio na njaa ikubane. Ikishuka chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kukosa, mtu anazungumza ovyo au anakuwa mkali bila sababu. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa kila sukari ikimshuka anagombana na paka.

Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya 2, glukagoni hailali inapotakiwa kulala. Wamekula, sukari inaingia kwa mlango wa mbele, na huku ini linaendelea kuambiwa "toa".

Misuli nayo ina sukari. Kwa nini isisaidie?

Ina akiba kubwa kuliko ini, kama gramu 400 kwa mtu mzima, lakini ni ya choyo. Ini lina kimeng'enya kinachoifungua glukosi itoke nje ya seli, misuli haina. Sukari ikishaingia kwenye msuli itatumika humo humo.

Mchuma karafuu aliyeko juu ya mti tangu asubuhi, anashikilia tawi kwa mkono huu na kuchuma kwa huu, misuli yake inachoma glikojeni yake yenyewe. Mabaki yake, laktati, yanakwenda na damu mpaka kwenye ini, na ini linayageuza kuwa glukosi upya na kuirudisha. Mzunguko huo unaitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Faida kubwa kwa mwenye kisukari ni hii: msuli unaofanya kazi unavuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Ndiyo maana kutembea baada ya kula kunashusha namba. Ila anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha sukari nitakachokieleza chini, asipande mkarafuu na tumbo tupu. Kutetemeka ukiwa chini ni jambo moja, kutetemeka ukiwa juu ya mti ni jingine.

Mashine moja ilinipa 7, nyingine 126. Ipi kweli?

Zote mbili. Ya kwanza inahesabu kwa mmol/L, ya pili kwa mg/dL. Zidisha ya kwanza kwa 18 utapata ya pili. Asiye na kisukari, kabla ya kula asubuhi, kwa kawaida yuko kati ya 3.9 na 5.5. Kuanzia 7.0 baada ya kukaa saa 8 bila kula ni kisukari, kipimo kikirudiwa kuthibitisha.

Tunapofunga Ramadhani, kongosho na ini vinafanya nini kutwa?

Hapa kwetu karibu na ikweta saumu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ni kama saa 13 na nusu tangu alfajiri hadi magharibi. Tuifuate.

Daku umekula saa 10 usiku. Mpaka asubuhi sukari inaingia kutoka utumboni, insulini iko juu, ini linajaza ghala. Kufika adhuhuri utumbo umemaliza. Insulini inashuka, glukagoni inapanda, na ini linaanza kukata minyororo ya glikojeni. Wakati huo huo mafuta yaliyohifadhiwa yanaanza kuyeyushwa, na misuli inakubali kutumia mafuta ili sukari ibaki kwa ubongo. Alasiri, ghala linapopungua, ini linaongeza kazi ya pili: kutengeneza glukosi mpya kutokana na laktati, gliseroli ya mafuta na vijenzi vya protini. Magharibi inapoadhiniwa mtu mwenye afya hajaishiwa. Kumaliza glikojeni ya ini kunachukua kama siku nzima bila kula. Kichwa kinachouma saa 10 jioni mara nyingi ni kahawa uliyoizoea au maji, usiisingizie sukari.

Kisha futari. Kwa desturi yetu: tende, uji, muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, tambi za sukari, na kaimati zilizochovywa shira. Watu wanaogopa kaimati, wanausamehe muhogo kwa sababu si mtamu. Lakini wanga wa muhogo ni mnyororo wa glukosi mtupu. Mate yanaanza kuukata, maji ya kongosho yanamaliza, na ukifika kwenye damu hauna tofauti na shira. Sisemi usile muhogo. Mimi mwenyewe siwezi Ramadhani bila muhogo. Nasema usiuhesabu kama mboga.

Mwenye afya, kongosho lake linatoa mkupuo wa kwanza, ini linafunga mlango wake wa kutoa na kufungua wa kupokea, na baada ya saa mbili sukari imerudi chini ya 7.8. Aliyepoteza mkupuo wa kwanza anapokea sahani yote huku ini lake bado linamwaga ya kwake. Ndiyo maana huyu anaamka kwa daku akiwa na kiu kuliko alivyokuwa mchana. Ukila tende na maji, ukaswali, kisha ukarudi kwa kilichobaki, ukichagua muhogo au ndizi au viazi badala ya vyote usiku mmoja, unalipa kongosho nafasi ya kuwahi.

Basi mwenye kisukari afunge au asifunge?

Hutegemea aina ya maradhi, dawa anazotumia na hali ya figo zake, kwa hiyo aende kwa daktari mapema, Shaabani isimkute hajakwenda. Mara nyingi dozi na saa za dawa zinabadilishwa. Miongozo ya madaktari inasema saumu ifunguliwe papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Kuchoma kidole kupima hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, basi usijifiche nyuma ya hilo.

Katika kisukari, kilichoharibika ni kongosho au ini?

Aina ya 1 ni kongosho. Kinga ya mwili inazishambulia seli za beta mpaka insulini inakwisha. Ini lisiposikia insulini kabisa linaamini mwili una njaa kuu, hata kama sukari ni 25. Linazidi kutoa sukari, na linageuza mafuta kuwa asidi zinazoitwa ketoni. Mgonjwa anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yake ina harufu kama tunda lililoiva mno. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Aina ya 2 ni mazungumzo yaliyoharibika pande zote. Kongosho linasema, ini na misuli havisikii vizuri, kongosho linapaza sauti, miaka inapita, mwisho linapwelewa sauti. Na usikivu wa ini unapotea kwa namna ya ajabu: ile amri ya "acha kutoa sukari" hailisikii, lakini ile ya "tengeneza mafuta" inaendelea kulifikia. Kwa hiyo ini linatoa sukari na linajaa mafuta kwa pamoja, na mafuta yale yanalizidishia uziwi. Mtu akipunguza uzito, ini ni katika viungo vya mwanzo kunufaika, na sukari ya asubuhi inaonyesha.

Metformini na glibenklamidi, si vidonge vya sukari vyote? Kwa nini nipewe viwili?

Vinakwenda sehemu mbili. Metformini kazi yake kubwa ni kwenye ini, inapunguza sukari linayotoa. Ukiimeza peke yake si rahisi ikuangushe sukari chini mno, kwa kuwa hailazimishi kongosho.

Glibenklamidi inakwenda kwenye seli ya beta. Vikumbuke vile vijilango vya potasiamu vinavyofungwa na ATP sukari ikipanda. Kidonge hiki kinavifunga chenyewe, sukari iwe imepanda au haikupanda. Insulini inatoka tu. Ukikimeza kisha ukaahirisha kula kwa sababu boti ya Pemba imechelewa, utatetemeka humo humo ndani ya boti.

Vitu vichungu vinashusha sukari? Mwarubaini, shubiri?

Uchungu unaishia kwenye ulimi. Hauendi kwenye damu kupigana na utamu. Sidharau miti: metformini yenyewe asili yake ni utafiti wa mmea mmoja wa Ulaya, galega. Lakini tangu mmea mpaka kidonge palikuwa na kazi ya kupima kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru, na chupa ya sokoni haikupitia kazi hiyo. Kinachonisikitisha ni mtu kuacha insulini akashika chupa.

Juisi ya miwa ni asili, ina tatizo gani?

Sukari ya miwa na ya dukani ni moja: nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi utaiona kwenye mashine. Fruktosi mashine haiioni, inabebwa zaidi na ini, na ikizidi inachangia mafuta yale niliyoyataja. Bilauri moja Forodhani usiku wa sikukuu haimuui mtu. Ya kila jioni ni habari nyingine.

Nimeshikwa na homa, nakula kidogo, mbona sukari imepanda?

Mwili ukiwa vitani unatoa kortisoli na adrenalini, nazo zinaliamrisha ini litoe. Usiache insulini kwa sababu huli, mpigie daktari.

Mtu sukari imemshuka mbele yangu, nimpe nini?

Akiwa ana fahamu na anameza: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida kama nusu bilauri na ushei. Isiwe halua wala chokoleti, mafuta yake yanachelewesha. Ngoja dakika 15, mpime, ikiwa bado rudia, kisha ale chakula. Akiwa hana fahamu usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Wazee wanasema sisimizi wakija kwenye mkojo ndiyo sukari. Kweli?

Kweli, lakini wanachelewa. Figo zinachuja glukosi na kuirudisha yote kwenye damu mpaka kiwango kifike kama 10. Kikizidi hapo zinashindwa, sukari inapita kwenye mkojo, inavuta maji, mtu anakojoa sana na anapata kiu. Hapo sisimizi wanakuja. Aliye na 8 kila asubuhi tayari ana kisukari, na chooni kwake hatamwona hata sisimizi mmoja.